Kiti cha Msimulia Filamu

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Mafua yamekwisha. Sauti imerudi. Kiti kimekwenda!

Niandike yote kabla sijapasuka. Karakana yetu ya ushonaji ina mafundi saba, cherehani saba na redio moja iliyokufa zamani. Kwa hiyo tuna desturi yetu: kila mchana fundi mmoja anasimulia filamu aliyoitazama, wengine wanashona huku wanasikiliza. Msimuliaji hukaa kiti cha dirishani, penye mwanga na kiupepo, na hupewa mishono iliyonyooka tu, kwa sababu huwezi kusimulia vita huku unahesabu matundu ya vifungo. Kwa miaka saba msimuliaji ni mimi. Ndiyo maana wananiita Bwana Sinema.

Alhamisi iliyopita niliamka sauti hakuna. Nikajaribu kusimulia kwa mikono, sindano ikanidunga kidole. Hapo ndipo Mkataji alipofungua mdomo. Mkataji ni bwana wa makamo aliyekuja miezi mitatu iliyopita. Asubuhi anakata vitambaa kwa mkasi wake mkubwa, mchana anashona kama sisi kule pembeni, karibu na meza ya pasi. Hajawahi kusema zaidi ya habari za asubuhi. Akasema kwa upole kwamba, kama hatutajali, yeye pia alitazama kitu juzi.

Kama hatutajali! Mimi nimejali!

Leo nimerudi na sauti kamili, nimekuta mto kwenye kiti changu. Mto wake. Mafundi wakaniambia nisubiri kidogo, kuna filamu mpya kaianza leo asubuhi akiwa anakata, acha aimalize. Ni ya mwanamke anayetunza vitu vilivyosahauliwa kituo cha treni. Anakuta koti, mfukoni mna ufunguo, basi anaanza kuzunguka mji mzima kutafuta mlango wake. Mimi sikusikiliza. Nimesikia tu kwamba amejaribu milango kumi na minne na kwenye mlango wa tisa palikuwa na harufu ya rangi mbichi.

Nimepewa matundu ya vifungo arobaini. Akufukuzaye hakwambii toka.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Leo Mkataji amemalizia filamu ya ufunguo. Mimi nimetoka nje. Makusudi! Nilitaka waone nafasi yangu tupu, roho ziwaume. Nikasimama ukutani kwenye jua la utosi nikahesabu matofali. Mia moja na kumi na mawili. Hakuna aliyenifuata.

Nikarudi ndani. Cherehani zote zimesimama. Bi Vifungo, mama mtu mzima ambaye hakulia hata siku sindano ilipomvunjikia kidoleni, anajifuta machozi kwa kola ya shati la shule. Fundi wa kola akasema, lakini ule ufunguo, jamani! Wote wakaguna kwa pamoja. Nikauliza, kwa sauti ya mtu asiyejali, ufunguo umefanyaje. Wakaniambia ningekuwepo ningesikia.

Basi. Siulizi mtu tena. Ufunguo ni ufunguo tu.

Jioni nimetazama filamu ya vita ili kesho niwamalize. Maoni yangu: nzuri, ila jemadari ana kiti kizuri mno. Yuko jangwani, mabomu yanalia, na yeye amekalia kiti cha ngozi chenye mikono miwili. Nani alimbebea? Kijicho kilinishika mpaka nikashindwa kujua maadui ni akina nani. Kisha nikasinzia.

Nikiri hapa, maana daftari halina mdomo. Huwa nasinzia katikati ya filamu. Kila filamu. Miaka saba yote nusu ya pili naitunga mwenyewe. Kuna ubaya gani? Nusu ya pili ya filamu zote ni moja: mbaya anapigwa, nyumba inalipuka, watu wanaoana.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Aibu. Aibu tupu.

Nilimwomba Msimamizi nusu saa ya kusimulia. Msimamizi wetu ni mwanamama asiyepoteza maneno wala pini. Akatazama saa, akakubali. Nikaanza kwa kishindo. Nikalipua hema. Nikamuua jemadari. Nikamwozesha askari kwa muuguzi, na harusi ikafanyika juu ya kifaru. Nilikuwa natiririka jasho kwa uzuri wa kazi yangu.

Mkataji akakohoa. Kikohozi kidogo cha adabu. Bi Vifungo akamuuliza kama naye ameiona hiyo filamu. Akasema ameiona, lakini ya Bwana Sinema ni nzuri zaidi. Wakambembeleza. Akasema, kwa hiyo sauti yake ya upole, kwamba katika ile aliyoiona yeye vita vinaisha, askari anarudi jikoni, anamkuta jemadari amekaa peke yake mbele ya gunia la viazi. Jemadari hajui kumenya. Askari anamwonyesha namna ya kushika kisu. Wanamenya mpaka mwisho bila kusema neno.

Mafundi wote wakaacha kukanyaga. Hakuna kilicholipuka! Hakuna aliyeoa! Na wakapenda! Watu wazima na akili zao, wanapenda viazi!

Lililonichoma zaidi ni pale aliposema yangu ni nzuri zaidi. Mnafiki mkubwa. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Huyu anasifiwa na tembo linazidi kukolea.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Jana nilisikia Mkataji akimnong'oneza Bi Vifungo getini filamu atakayosimulia leo. Wanaanga wawili na blanketi moja. Mpango ukaja wenyewe: niitazame mpaka mwisho, kisha niutoboe mwisho kabla hajaanza. Atabaki na nini? Mkasi!

Nikamkabidhi mke wangu kazi ya kunifinya nikisinzia. Mke wangu ana vidole vya kazi hiyo. Mkono wangu wa kushoto sasa una rangi mbili. Maoni yangu kuhusu filamu: chombo chao cha angani kina madirisha saba. Saba! Watu wawili, madirisha saba, na bado wananung'unika. Mitambo ya joto imeharibika, blanketi ni moja, wanaligombania. Mwishoni kila mmoja anataka kumfunika mwenzake, basi blanketi linaelea katikati yao hakuna anayelichukua. Mke wangu akalia. Akaniuliza lini nilimfunika mara ya mwisho. Nikamwambia blanketi letu siku zote liko upande wake. Akanifinya tena, na filamu ilikuwa imeshakwisha.

Leo mchana, Mkataji alipofungua mdomo tu, nikasimama na kutangaza: hakuna anayelichukua blanketi! Linabaki linaelea! Nikakaa. Nikasubiri kilio chao.

Mkataji akanishukuru. Ndiyo, akanishukuru! Akasema sasa wote tunajua blanketi litabaki, basi tusikilize lilifikaje hapo. Loo! Wakasikiliza mara mbili ya siku zote. Kila mwanaanga aliposhika ncha ya blanketi, mafundi waliguna, eti jamani mbona anavuta na sisi tunajua ataliachia. Mimi ndiye niliyemtengenezea mchuzi, yeye akala.

Na fundi wa kola akasema, imekaribia ile ya ufunguo. Wakatazamana. Wakacheka. Mimi nikacheka pia, kwa sauti kubwa kuliko wote, bila kujua nacheka nini.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Nimejiziba masikio kwa pamba. Mtu mzima nina heshima yangu. Hanilazimishi mtu kusikia habari za mzee mwendesha lifti na siku yake ya mwisho kazini.

Ya kushoto ilikaa vizuri. Ya kulia iliwasha, nikaitoa kidogo.

Nilikuwa na kazi ya kaptula za shule, kuunganisha mifuko kwenye mishono ya pembeni. Kazi ninayoweza kuifanya nimelala. Kanyaga, geuza, kata uzi, tupa kapuni. Mzee wa lifti alikuwa anapandisha watu ghorofa ya kumi, kila mmoja akishuka anamwambia kwaheri, hakuna anayejua kwamba ni kwaheri ya kweli. Kanyaga, geuza, kata uzi. Kisha kwenye lifti akaingia mtoto mdogo aliyeuliza kama lifti huwa inachoka. Hapo pamba ya kulia ikadondoka yenyewe. Sikuiokota, mikono ilikuwa na kazi.

Saa kumi Msimamizi akachukua kaptula moja kutoka kapuni kwangu. Akaingiza mkono mfukoni. Haukuingia. Akachukua ya pili. Haukuingia. Akazipanga mezani zote, akatuita. Kaptula ishirini na sita, mifuko hamsini na miwili, na kila mmoja nimeushona mdomo. Hauingii hata mkono wa kitoto.

Nikasema ni hasira. Nikasema ni uzi. Bi Vifungo akanitazama sikioni, akauliza mbona pamba iko moja.

Nimefumua mpaka vidole vimekufa ganzi. Na hilo si kubwa. Kubwa ni hili: Msimamizi amesema amechoka na vita vya kiti. Jumatano inaingia kazi ya makoti ya hospitali, ya miezi mitatu, na hataki kaptula nyingine zisizo na mifuko. Siku hiyo Mkataji atasimulia, nami nitasimulia, kila fundi atatumbukiza kifungo kwenye kopo. Cheupe changu, cheusi chake. Atakayeshinda, kiti ni chake moja kwa moja. Atakayeshindwa, matundu ya vifungo, moja kwa moja.

Bila kile kiti mimi ni nani? Fundi mwenye goti bovu. Basi.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Nusu siku. Kabla ya kutoka nilificha futi ya Mkataji, ile kamba yake ya kupimia, mfukoni mwangu, nipate sababu ya kumfuata nyumbani. Lazima ana siri. Pengine ana kitabu kilichoandikwa filamu zote. Pengine analipa mtu.

Anakaa mwisho wa kichochoro, nyumba ya chumba na sebule, pazia la dirisha limeshonwa kwa vipande vya kijivu vilivyobaki kwenye sare zetu. Dirisha liko wazi kwa joto. Nikageuza ndoo, nikapanda juu yake, nikachungulia.

Televisheni inawaka, sauti chini. Kwenye kochi amekaa mama yake, mtu mzima sana, uso ameuelekeza ukutani. Haoni. Mkataji amekaa chini miguuni pake na anamwambia kila kitu. Anasema: sasa mtu ameingia. Amevaa koti, kifungo cha pili hakipo. Mama akauliza mtu huyo ana hasira au ana njaa. Mkataji akatazama tena, akafikiri, akasema ana njaa lakini anataka waone ni hasira. Mama akauliza mezani kuna nini. Sahani mbili, mama, moja imegeuzwa. Kwa nini imegeuzwa? Sijui, mama, ngoja tuone.

Macho yalinitoka machozi. Upepo.

Halafu nikashtuka. Kumbe! Hana kipaji chochote! Anafanya mazoezi! Kila siku ana mwalimu sebuleni na hajatuambia! Nikapandwa na ghadhabu, nikakanyaga kwa nguvu, ndoo ikapasuka. Nikaanguka kwenye vigae. Ndani mama akasema kuna mtu dirishani. Mkataji akasema ni paka. Mama akasema basi paka huyo amevaa viatu.

Nimerudi nyumbani nachechemea. Futi bado ninayo.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Asubuhi watoto wameweka filamu ya katuni. Samaki anataka kuwa dereva wa basi. Watu wote wanamwambia haiwezekani, anaweza. Maoni yangu: samaki yule alipewa kiti mbele, penye kioo kikubwa, siku ya kwanza tu ya kazi. Nimemwonea wivu samaki. Nimefika huko.

Mchana nimemfunga mke wangu kitambaa machoni ili nami nifanye mazoezi. Nikaanza kumsimulia. Akalala dakika ya tano. Nilipomwamsha alisema asante, ilikuwa nzuri sana.

Mwalimu ni yule mama. Mwalimu anaweza kuwa na wanafunzi wawili. Au mmoja, lakini mwingine. Kesho jino litaniuma kuanzia saa sita.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Jino limeniuma saa sita kamili. Msimamizi akanipa ruhusa bila kuuliza jino lipi.

Nikabisha hodi. Nikatoa shikamoo. Nilikuwa nimeandaa maneno: natoka karakana, tunawapima akina mama wa wafanyakazi gauni la bure. Mama akaitikia marahaba, paka, karibu ndani.

Uso ulinishuka hadi kwenye viatu, hivyo hivyo viatu alivyovitambua. Akasema hatua zangu zinavuta mguu mmoja, na Jumamosi vilevile. Akaniambia nikae. Akaniuliza kama mimi ndiye Bwana Sinema. Nikajikausha. Nikasema wapi, mimi ni fundi wa kawaida. Akacheka. Akasema mwanawe alipoanza kazi kwetu alikuwa anarudi kila jioni na filamu zangu. Zangu! Kabla ya mafua, miezi yote ile alipokuwa kimya kule pembeni, alikuwa anashika kila neno na kumpelekea mama yake. Harusi juu ya mnara unaoungua. Daktari wa meno aliyelipua benki kwa ajili ya penzi. Mama akasema alicheka mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini. Baadaye waliziona zenyewe kwenye televisheni, kila moja ikawa haina mlipuko wala harusi, wakasikitika sana. Tangu hapo wananiita yule bwana wa nusu ya pili.

Sikujua niweke wapi mikono yangu. Nikaanza kumpima gauni kwa futi ya mwanawe.

Akaniambia nimsimulie moja. Yoyote. Televisheni ilikuwa imezimwa, nami sikuwa na filamu kichwani, basi nikaanza tu: kuna mtu, yuko kwenye chumba. Akauliza chumba kinanuka nini. Sikuwahi kuulizwa! Nikasema kinanuka mafuta ya cherehani na chaki. Mtu huyo amevaa nini? Shati lililobadilishwa kola mara mbili. Anatazama wapi? Dirishani. Kuna nini dirishani? Nikaikunja futi, nikaikunjua. Nikasema kuna mtu mwingine amekalia kiti chake.

Akauliza mtu wa kwanza ana hasira au ana njaa.

Nikasema ana njaa, mama.

Akapapasa akanishika mkono. Kisha akasema haya, sasa lipua nyumba. Nikalipua! Alicheka mpaka machozi. Saa nzima. Nimesimulia miaka saba na sijawahi kuwa na saa nzuri kama ile, naandika hapa wazi. Nimemwahidi gauni la kijivu. Akataka mifuko miwili mikubwa, ya kuwekea leso na redio yake ndogo.

Wakati naondoka nilitaka kumuuliza habari za ule ufunguo. Nikaona haya.

Jumanne, tarehe 11 Machi

Nimetazama filamu nzima. Nzima! Bila kufinywa!

Ni ya wazee wawili, mume na mke, wanaoziba paa lao kabla ya mvua. Hakuna lingine. Anapanda, anashuka, anampa misumari, wanagombana kuhusu ngazi. Maoni yangu: mke ana madoa ya rangi kwenye kiwiko, na mume hajayaona kwa sababu yeye ndiye aliyeyatia. Mvua inakuja, paa linavuja pale pale. Wanaweka sufuria. Wanakaa wanasikiliza matone.

Nilikaa mpaka majina yakapita yote. Mke wangu akanigusa paji la uso, akauliza kama mafua yamerudi. Nikamfunika kwa blanketi. Akaogopa zaidi.

Kesho nitawasimulia hiyo. Bila mlipuko. Nishindwe kihalali, au nishinde kihalali.

Jumatano, tarehe 12 Machi

Nimeshinda.

Sina furaha hata ya kujaza kijiko!

Makoti ya hospitali yamefika, marobota kwa marobota. Msimamizi akaweka kopo mezani. Kila fundi ana vifungo viwili mkononi. Mimi nimenawa uso, nimevaa shati safi, wazee wangu wa paa wote wako kichwani na sufuria yao. Mkataji akasimama wa kwanza. Akachukua ule mto wake kwenye kiti, akaupiga vumbi, akauweka kwapani. Akasema yeye hajawahi kukitaka kiti. Alisimulia kwa sababu Bwana Sinema aliugua na watu walikuwa wanyonge. Akasema miezi yake mitatu ya kwanza hapa alikuwa na shida zake nyumbani, na kilichomchekesha mama yake jioni ni filamu zilizotoka kwenye kiti kile. Akasema kiti kina mwenyewe. Akarudi pembeni, akawasha cherehani.

Hakuna kifungo hata kimoja kilichoingia koponi. Kulikuwa na haja gani? Bi Vifungo alikuwa analia tena. Fundi wa kola akasema hajaona mtu mwenye moyo kama huyo. Wakampigia makofi. Yeye! Nikaenda kukaa kwenye kiti changu katikati ya makofi ya mtu mwingine.

Ningeshindwa kwa vifungo vyote ningevumilia. Lakini kunipiga kwa wema! Mbele za watu! Hilo pigo linarudishwaje?

Nikawasimulia wazee wa paa. Nilipofika kwenye madoa ya rangi, kila fundi aligeuka kumtazama Mkataji kama anafurahi. Anafurahi! Anatikisa kichwa, amefumba macho, anasikiliza kuliko wote. Wakaanza kusema, mwone anavyosikiliza. Hakuna anayejua kusikiliza kama yeye.

Nikalipua paa. Hasira tu.

Ijumaa, tarehe 14 Machi

Siku mbili niko kwenye kiti changu. Mwanga upo. Upepo upo. Mishono iliyonyooka. Wamenirudishia kila kitu.

Lakini saa ya mapumziko, wakati nashona gauni la mama, nimegundua jambo. Mkataji bado anasimulia! Kule pembeni, kwa sauti ya chini, kwa Bi Vifungo peke yake, anayekaa kigoda cha karibu naye. Jana na leo. Kutoka dirishani kwangu haisikiki vizuri. Nimenyoosha shingo mpaka imeteguka. Nimesikia mashua. Nimesikia mwalimu wa hesabu. Nimesikia Bi Vifungo akisema hapana, usiniambie alimwachia mbwa. Nani aliacha nini? Mbwa yupi? Upepo wa dirisha hili ni wa kijinga, unapeleka maneno upande mwingine.

Kanyaga, geuza, kata uzi.

Jioni nimempelekea mama gauni lake, Mkataji akiwa bado njiani kutoka sokoni. Amelivaa. Amelipapasa mabega, kola, pindo, akasifu kila mshono. Nikavimba kichwa. Kisha akashika leso yake, akaipeleka mfukoni. Haikuingia. Akajaribu upande wa pili. Haikuingia.

Akapitisha vidole juu ya mshono. Kisha akasema habari za kaptula anazo, akaniuliza safari hii mwanawe alikuwa anasimulia ipi.

Nikakana. Nikasema sijasikia hata neno moja. Mimi nina kiti changu, nina filamu zangu, nina shughuli zangu, sina muda wa kusikiliza mashua za watu. Akasema sawa, baba. Akanipa mkasi nifumue. Nikafumua hapo hapo, sakafuni, miguuni pake, pale pale anapokaa mwanawe. Na sijui nini kilinipata, mdomo ukajifungua wenyewe. Nikamuuliza ule ufunguo wa kwenye koti ulifungua mlango gani.

Akasema anajua. Lakini mlango huo niende nikamuulize mwenyewe, ndiye anayeusimulia vizuri. Yuko meta chache kutoka ninapokaa, siku nzima.

Nimuulize? Mimi, Bwana Sinema, nimfuate mkata vitambaa nimwombe? Thubutu!

Nimefikiri njia nzima. Kesho nitamwambia Msimamizi kwamba dirisha lina upepo mbaya kwa goti langu. Nitajitolea, kwa moyo mweupe, kuhamia pembeni karibu na meza ya pasi. Wema nami ninaujua. Watapiga makofi, na safari hii ni yangu. Tatizo ni kile kigoda. Bi Vifungo amekikalia kana kwamba alizaliwa nacho, anasikiliza kila kitu, yeye peke yake, mapumziko mazima. Kwa haki ipi? Mimi nimekuja karakana hii kabla yake. Kigoda kile ni changu.

Nina mpango.